Ushuru Uliopunguzwa Wakati wa Dhiki: Uondolewe Lini, na kwa Nani?

Hotuba hii niliitoa katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu cha akiba hapa Mombasa. Wanachama wengi walikosa kufika na wameniomba maneno yote, basi nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo nyote?

Mwenyekiti wetu, wazee wetu, mama zangu wa masoko ya Kongowea na Marikiti, vijana wa tuktuk mliosimama pale mlangoni kwa kuwa viti vimejaa, nawashukuru kwa kuja. Mwenyekiti alinipigia simu akaniambia: "Mwanangu, njoo utueleze jambo la ushuru. Uchumi umeanguka, serikali imepunguza ushuru au imeahidi kuupunguza. Je, ni haki iurudishe juu kabla watu hawajapona?" Nikamwambia, mzee, swali hilo ninalo moyoni tangu 2020.

Mnanijua. Kazi yangu ni hesabu. Wengi wenu hapa nawaandikia vitabu vya biashara, na tarehe ishirini ya kila mwezi tunahangaika pamoja ushuru uingie kabla ya saa sita ya usiku. Kwa hiyo leo nitawafungulia madaftari, kwa idhini ya wenyewe, bila kuwataja majina.

Tukumbushane kwanza. Tarehe 25 Machi 2020, korona imeingia nchini, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza nafuu ya ushuru ambayo sisi wahasibu hatukuwahi kuiona. VAT, ule ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa na huduma, ishuke kutoka asilimia 16 hadi 14. Ushuru wa faida ya kampuni ushuke kutoka 30 hadi 25. Kiwango cha juu cha PAYE, ule ushuru unaokatwa kwenye mshahara, kishuke kutoka 30 hadi 25. Anayepata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake asikatwe PAYE hata senti moja. Na ushuru wa mauzo, ule wa wafanyabiashara wadogo, ushuke kutoka asilimia 3 hadi 1. VAT ilishuka tarehe mosi Aprili. Mengine yakawa sheria kabla mwezi huo haujaisha.

Kisha mnajua yaliyofuata. Kafyu. Mombasa ikafungwa, hatoki mtu haingii mtu. Mwezi wa Mei Mji wa Kale nao ukafungwa peke yake. Hoteli za pwani zikazima taa. Mwaka ule uchumi wa Kenya ulirudi nyuma kwa asilimia 0.3, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa karibu miaka thelathini.

Halafu ikaja tarehe mosi Januari 2021. VAT ikarudi 16. Kampuni zikarudi 30. PAYE ya juu ikarudi 30. Miezi tisa tu, ndugu zangu. Miezi tisa, nafuu imekwisha! Zikabaki mbili: yule wa 24,000 hakuguswa, na ushuru wa mauzo ukabaki asilimia 1.

Je, serikali ilikosea kuziondoa? Wapo waliosema imekosea kabisa, uchumi ungali chini, ushuru ubaki pale pale. Wapo waliosema imefanya sawa, kwa sababu makusanyo yameshuka, madeni yanadai, na hospitali zinataka oksijeni. Mimi nasema wote waliuliza swali nusu. Waliuliza: nafuu ibaki au iondoke? Hawakuuliza: nafuu ya nani? Na hawakuuliza: yeye mwenyewe yuko wapi, bado amelala chini au ameanza kuinuka?

Naanza na hilo la kuinuka, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Kuna mama mmoja, mwanachama mwenzetu, alikuwa akitandika vitanda katika hoteli moja ya kaskazini mwa pwani. Mshahara wake shilingi 24,000. Kabla ya Aprili 2020 PAYE ilimla shilingi 1,500 na kitu kila mwezi. Sheria mpya ikasema, mama, kuanzia leo hukatwi kitu. Nilifurahi, nikampigia simu nimweleze. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia kwa sauti ndogo: "Dada, wametupa likizo bila malipo tangu wiki iliyopita."

Mnaona? Ushuru wa sifuri juu ya mshahara wa sifuri! Nafuu ilimkuta hana cha kupunguziwa. Aliyemsaidia miezi ile si sheria ya ushuru. Alisaidiwa na ndugu zake, na mfuko wetu huu wa chama, na mwenye nyumba aliyekubali kungoja kodi. Aliporudi kazini mwezi wa Novemba alilipwa nusu mshahara, 12,000, na mtu wa 12,000 hata kwa sheria ya zamani hakuwa akilipa PAYE. Bado nafuu haikumgusa. Ilimgusa lini? Mwaka 2021, mshahara kamili uliporudi. Hapo ndipo zile 1,500 na kitu zilipobaki mkononi mwake mwezi baada ya mwezi, na ndizo alizolipia deni la kodi ya nyumba mpaka likaisha.

Kwa hiyo nafuu ya ushuru haimsaidii aliyelala. Aliyelala anahitaji chakula, anahitaji pesa mkononi, anahitaji mwenye nyumba mwenye huruma. Nafuu ya ushuru humsaidia anayeinuka. Anayeinuka! Na laiti kifungu chake kingeondolewa Januari 2021 pamoja na vingine, mama yule angekuwa ameahidiwa kitu, akakikosa alipokuwa hana kazi, na kikachukuliwa siku alipokuwa anakaribia kukipokea.

Sasa fikirini ni wangapi yaliwapata hayo hasa.

Nina karani mmoja katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, mshahara 40,000. Yeye hakufutwa kazi, alhamdulillahi. Lakini nyumba yake ilijaa jamaa waliokuja kutoka kazi zilizofungwa. Alikuwa akilisha watu watano, akajikuta analisha tisa. Desemba 2020 PAYE yake ilikuwa kama shilingi 2,400. Januari 2021 ikapita 4,300. Karibu elfu mbili zimetoka katika mshahara uleule, na wale watu tisa wangali mezani. Alikuja ofisini ameshika hati yake ya mshahara akidhani mwajiri amekosea. Nikapiga hesabu mbele yake mara mbili. Hakuna kosa. Sheria imebadilika.

Niwe mkweli, maana mhasibu akificha upande mmoja wa daftari si mhasibu: hata baada ya Januari karani huyo alilipa kidogo kuliko Machi 2020, kwa sababu lile punguzo la shilingi 2,400 linalotolewa kwenye ushuru wa kila mfanyakazi kwa mwezi, ndilo linalomwacha wa 24,000 bila PAYE, lilibaki, nalo zamani lilikuwa 1,408. Hilo naishukuru serikali. Lakini angalieni kilichofanyika chini kwa chini. Zamani asilimia 30 ilianza kukata mshahara ukivuka 47,059. Iliporudi Januari 2021 ikaanza kwenye 32,333. Zile ngazi za katikati, yaani sehemu za mshahara zilizokuwa zikikatwa asilimia 15 na 20, zilifutwa. Karani wa bandarini, tangu hapo hadi katikati ya 2023, sehemu ya juu ya mshahara wake ilikatwa kiwango kilekile alichokatwa mtu wa milioni moja.

Na huyo wa milioni moja tumtazame. Mwezi wa Aprili 2020, sheria ileile iliyompa mtandika vitanda shilingi 1,500 na kitu ambazo hakuzipokea, ilimpa mtu wa mshahara wa milioni zaidi ya shilingi 51,000 kwa mwezi. Elfu hamsini na moja! Simwonei kijicho, mali ni yake na Mungu amzidishie. Nauliza tu: yule alizifanyia nini? Mtu wa aina hiyo wakati wa hofu huweka akiba, na ndivyo inavyompasa. Elfu mbili ya karani wewe mama wa Kongowea uliiona kesho yake asubuhi, imekuja kununua nyanya na muhogo. Elfu hamsini na moja uliiona wapi?

Basi mimi ningekuwa na kalamu ile, Januari 2021 ningerudisha asilimia 30 juu, kwa wenye mishahara minono, na ningemwachia karani ngazi zake za 15 na 20 mwaka mwingine mmoja au miwili. Wapo watakaoniambia walio juu ni wachache, hazina haijai kwa wao peke yao. Kweli hawatoshi peke yao. Lakini ukianza kukusanya, unaanza na nani? Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 201, inasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Kwa haki! Nimekisoma kifungu hicho mara nyingi, na sioni haki kuwarudisha wote wawili siku moja, aliyeshiba na aliyekuwa ndio anaomba kijiko.

VAT sitaililia. Najua hapa wengine mtanikatalia, lakini nina ushahidi.

Nyumbani kwangu nina mkebe wa bati ninaotilia risiti zote. Ni ugonjwa wa kazi. Nikazitoa risiti za mfuko mkubwa wa sabuni ya unga, kutoka duka moja ninalonunua kila mwezi. Machi 2020: shilingi 580, na ndani yake VAT ni shilingi 80. Aprili 2020: mashine ya risiti imebadilishwa, inasoma asilimia 14, VAT imeshuka mpaka 71.23. Jumla? 580. Juni, 580. Oktoba, 580. Kisha Januari 2021 VAT imerudi 16, na jumla sasa ni 590! Bei ambayo haikujua kushuka ilijua kupanda. Nilizipanga risiti zile mezani nikaziangalia kwa muda mrefu. Shilingi nane na senti zake kwa kila mfuko, miezi tisa, hazikufika kwangu. Zilikaa njiani.

Simlaumu kila mwenye duka. Wengi wenu mna vioski, mauzo yenu hayafiki milioni 5 kwa mwaka, hamjasajiliwa kwa VAT. Mlinunua bidhaa kwa bei ya muuzaji wa jumla, na kama yeye hakushusha, nyinyi mngeshusha nini? Lakini ndiyo maana nasema nafuu ya VAT hupita mikono mingi, na kila mkono huchukua chake, hata ikimfikia mnunuzi ni harufu tu. Zaidi ya hapo, unga, mkate na maziwa havikuwa vikitozwa VAT. Kapu la maskini hasa lilikuwa nje ya punguzo lile tangu mwanzo. Basi serikali ilipoirudisha VAT kwenye 16, mimi sikupiga kelele. Kelele yangu niliiweka kwa ajili ya gesi. Miezi sita baadaye, Julai 2021, gesi ya kupikia ambayo ilikuwa haitozwi ikaanza kutozwa asilimia 16. Mama zangu mnakumbuka mtungi ulivyopanda na makaa yalivyorudi jikoni. Ikachukua mpaka 2022 kushushwa hadi 8, na mpaka 2023 kuondolewa.

Nije kwa ahadi. Ahadi ni deni, na deni lina masharti yake.

Kuna jimbo huko Marekani linaitwa Massachusetts. Mwaka 2000 wananchi wenyewe walipiga kura kwamba ushuru wa mapato ushuke kwa hatua: kutoka asilimia 5.85 hadi 5.6 mwaka 2001, hadi 5.3 mwaka 2002, hadi 5 mwaka 2003. Tarehe zimeandikwa. Hatua mbili zikatimizwa. Mwaka 2002 uchumi ukawa umeanguka, mapato ya jimbo yakaporomoka, na wabunge wakafika pale pale tulipofika sisi: tuendelee kushusha au tusimame? Walisimamisha kwenye 5.3. Wananchi wengi walikasirika, na ningekuwa huko ningekasirika nao, kwa sababu kura ilikuwa ya kwao. Lakini tazameni walichofanya wale wabunge, hawakuifuta ahadi. Waliifungia masharti: mapato ya jimbo yakikua kiasi fulani, ushuru unashuka kidogo, yasipokua, unangoja. Ukashuka hadi 5.25 mwaka 2012. Ukaendelea kushuka pole pole, na tarehe mosi Januari 2020 ukafika asilimia 5. Deni la mwaka 2003 lililipwa 2020!

Miaka kumi na saba ni mingi mno, siwasifu kwa hilo. Ninachokipenda ni kwamba kila mtu alijua mlango utafunguliwa na nini. Mfanyabiashara aliweza kupanga. Alitazama hali ya uchumi, hakuhitaji kusikiliza uvumi.

Sisi je? Nafuu yetu ya 2020 ilikuja bila tarehe wala sharti. Hatukuambiwa: itabaki mpaka hoteli zifikishe nusu ya wageni wao, au mpaka uchumi ukue miezi sita mfululizo. Na pale ambapo tuliwahi kuandika tarehe, tuliichezea. Mafuta ya petroli na dizeli yalisamehewa VAT kwa miaka mitatu katika sheria ya 2013. Ilipofika 2016 wakasogeza miaka miwili. Ilipofika Septemba 2018 wakatoza 16, matatu zikapandisha nauli, watu wakalia, wakashusha hadi 8. Mwaka 2023 ikawa 16 tena. Mwenye tuktuk apange maisha yake juu ya nini? Tarehe isiyoaminiwa na mtu ni sawa na kutokuwa na tarehe.

Najua kuna mtu hapa moyoni anasema: dada, unataka nafuu ibaki, na dawa za hospitali zitoke wapi? Swali zuri, tena ni langu pia. Mwaka 2020 nilimuuguza mama yangu mzazi katika hospitali ya umma. Nililala kwenye benchi siku sita. Niliwaona wauguzi wakizunguka usiku na glavu za kuhesabu. Sitasimama mbele yenu niseme ushuru ni uovu. Ushuru ndio uliomtibu mama yangu. Ndiyo sababu nachagua: nasema VAT irudi, nasema walio juu warudi kwenye 30, na mkusanye hapo. Lakini usimvunje miguu anayeinuka, kwa sababu huyo akisimama ndiye mlipa ushuru wako wa kesho na kesho kutwa.

Na hapa nina daftari la mwisho. Mama huyu yuko hapa, ameniruhusu. Anauza leso karibu na Mji wa Kale. Mapema 2020 alikuwa akiuza kama 180,000 kwa mwezi, na kwa asilimia 3 analipa 5,400. Mwezi wa Mei ukurasa wake ni mweupe. Hakuuza hata leso moja. Asilimia 1 ya sufuri ni sufuri, asilimia 3 ya sufuri ni sufuri. Januari 2021 aliuza 90,000, nusu ya zamani. Kwa asilimia 1 alilipa 900. Kama wangeurudisha ushuru wa mauzo siku ile kama walivyorudisha mengine, angelipa 2,700. Zile 1,800 zilikuwa nauli ya kijana wake wa dukani kwa mwezi mzima. Yule kijana hakuachishwa kazi. Leo ndiye anayeendesha duka la pili.

Hii ndiyo nafuu iliyoachwa ifanye kazi yake. Ilibaki mpaka 2023, wakaurudisha hadi asilimia 3. Je, wakati huo alikuwa amepona? Yeye anasema karibu, lakini bado. Ndugu zangu, laiti wangemuuliza!

Na kuuliza kupo. Mswada wa Fedha wa kila mwaka hufikishwa Bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na sharti upitishwe kabla ya 30 Juni. Katikati hapo kamati ya Bunge hupokea maoni, ya mdomo na ya maandishi, na huhitaji wakili. Nimekuwa nikiwaambia watu wapeleke, wananiambia hatujui Kiingereza cha sheria. Mpeleke kwa Kiswahili. Mpeleke hesabu zenu. "Tunaumia" imeandikwa mara nyingi na watu wengi. Waandikieni mauzo ya mwezi gani, ushuru kiasi gani, mfanyakazi yupi aliondoka.

Meza ile ya pembeni nimeweka karatasi na kalamu, nami nitakaa hapo mpaka saa kumi na moja jioni. Mwenye hati ya mshahara ya Desemba 2020 na ya Januari 2021 anifuate nazo, nataka tuziambatanishe. Wa kwanza ameshaandika, mama yetu wa leso, kwa mkono wake: "Januari 2021 nimeuza 90,000, nimelipa 900, kijana wangu amebaki. Sasa nikiuza 150,000 nalipa 4,500, zamani nilikuwa nalipia 1,500. Naomba nipewe mwaka mmoja zaidi." Ameweka sahihi na nambari ya duka.